Skonzi za chizi hazipandi, chizi yote inakimbilia kwenye trei. Kosa liko wapi?

#1 Mama_Trei
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja.

Naoka skonzi za chizi nyumbani, Mbagala, oveni ya gesi ya kawaida. Zile za chumvi, si za sukari. Vipimo: unga wa ngano gramu 225, beking pauda vijiko vitatu vya chai, chumvi nusu kijiko, siagi gramu 50, cheddar iliyokwaruzwa gramu 120, maziwa ya baridi mililita 150 hivi. Oveni nyuzi 200, dakika 20. Vipimo nimepewa na mtu ambaye skonzi zake zinapanda mpaka zinapasuka ubavuni.

Zangu zinatanuka badala ya kupanda. Chini zinaungua, juu zimepauka, chizi inatiririka na kugandia trei. Ladha ipo na watoto wanamaliza, ila umbo ni aibu kumwekea mgeni.

Dai langu: joto la Dar ndilo mharibifu. Mafuta yanalainika mkononi kabla hujafika kwenye trei. Nyie wa Arusha na Mbeya mnapewa hewa ya bure halafu mnajiita mafundi. Anayebisha aje na sababu.

#2 Mla_Bila_Kuuliza
Nabisha, ila siwezi kutoa sababu mpaka nionje. Mbagala ipi?

#3 FundiOveni
Dada, moto. Nyuzi 200 kwa dakika 20 ni moto wa keki. Skonzi zinataka 220, dakika 12 mpaka 15, na oveni iwe imewaka robo saa au zaidi kabla hujaingiza kitu.

Siagi ina maji ndani yake, kama asilimia 16. Ikikutana na moto mkali ghafla, maji hayo yanakuwa mvuke na kuinua donge, na wakati huohuo ganda la nje linashika. Moto ukiwa wa kusuasua, mafuta yanayeyuka kwanza, donge linalegea, linajitandaza, na chizi inapata njia ya kutoka.

Halafu hiyo namba kwenye kitufe cha oveni ya gesi usiiamini. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kinauzwa, nunua. Chini kuungua na juu kupauka maana yake moto unatoka chini tu: pandisha trei ngazi moja.

#4 BintiNgamiani
FundiOveni yuko sawa kwa nusu. Mimi niko Tanga, jasho letu halina tofauti na lenu, na zangu zinapanda. Siagi naigandisha kwenye friza mpaka iwe jiwe, naikwaruza kwa kikwaruzo cha karoti moja kwa moja kwenye unga, nachanganya kwa uma. Mikono haigusi mpaka mwisho. Nikishakata, trei nzima inaingia friji dakika 20 wakati oveni inapata moto.

Kwa hiyo joto la Dar ni kweli, lakini friji nayo ipo. Usilie.

#5 Kijana_Hamira
Mbona sioni hamira? Mimi naweka kijiko kimoja, nakanda vizuri dakika kumi, nafunika saa nzima. Zinaumuka mpaka raha. Chizi naweka katikati.

#6 BintiNgamiani
#5 hizo ni zile za dukani, laini, za kuchovya kwenye chai. Tunazijua na tunazila. Anazooka Mama_Trei hazina hamira na hazikandwi. Ukizikanda dakika kumi utazitafuna mpaka kesho.

#7 Babu_Likoni
Wanangu, hamjambo. Nimepika hoteli za pwani huku Mombasa tangu mkiwa hamjazaliwa. Oveni zile zilikuwa za kizamani, feni hakuna, na skonzi zilipanda. Kwa hiyo habari ya joto la Dar mimi siinunui.

Mwenye uzi hajasema unene. Hicho ndicho kitu cha kwanza mpishi angemwuliza. Skonzi haipandi mara tatu ya ulivyoiweka. Ukiisukuma kwa mpini wa chapati ikawa nyembamba, itabaki nyembamba. Ibonyeze kwa viganja mpaka unene wa sentimita 2.5, isipungue. La pili, unakatia nini? Kama ni glasi ya maji, mdomo wake ni butu, unagandamiza kingo mpaka zinashikana. Tumia kikatio chenye makali, shuka wima, inua wima, usizungushe mkono. Huna kikatio? Kata pembe nne kwa kisu kilichonolewa. Zipange karibu karibu zishikane mabega, hapo haziwezi kwenda pembeni, zitakwenda juu tu.

Na yai la kupaka lisichuruzike ubavuni. Likishuka linagundisha skonzi na trei.

#8 Mama_Trei
Shikamoo Babu. Unene ni kama kidole kimoja, nakatia glasi. Ila nawauliza FundiOveni na Binti: mnasema moto na siagi, Babu anasema mkono. Nianze na lipi?

#9 Babu_Likoni
Marahaba mwanangu. Kidole kimoja kilicholala au kilichosimama?

#10 Mla_Bila_Kuuliza
Babu 😂😂

#11 Ticha_Kemia
Habari za jioni. Hakuna aliyegusa beking pauda, nashangaa.

Beking pauda ni bikabonati ya soda, asidi kavu, na wanga wa kuvitenganisha visikutane. Vikipata maji vinatoa kaboni dioksaidi. Nyingi za siku hizi zina asidi inayosubiri: sehemu ya gesi inatoka ukichanganya, sehemu inatoka kwenye moto. Lakini kopo likishafunguliwa na kukaa kabatini kwa unyevu wa Dar, kazi inafanyika humohumo kabatini na wewe hujui. Jaribu: kijiko kimoja kwenye maji ya moto, nusu kikombe. Kikichemka kwa fujo ni kizima. Kikitoa povu la uvivu, tupa.

Pili ni unga. Huu tunaopikia chapati una protini nyingi, ukiuchezea na maji unajenga gluteni, na gluteni ndiyo inayofanya chapati ivutike. Kwa skonzi hatutaki ivutike. Changanya robo yake kwa konflawa au tafuta unga wa keki.

#12 Kijana_Hamira
Ticha, bibi yangu anatumia magadi tu badala ya beking pauda. Haiwezi kuwa suluhisho la Mama_Trei? Bei rahisi.

#13 Ticha_Kemia
Magadi ya bibi ni ya maharage. Yale yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, ni trona, yaani kaboneti na bikabonati pamoja. Alkali yake ni kali kuliko bikabonati safi. Utapata skonzi ya njano yenye ladha ya sabuni. Hata bikabonati safi ukiiweka peke yake bila kitu kichachu itaacha ladha hiyo. Ukitaka kuitumia, badilisha maziwa yawe mtindi: uchachu wa mtindi ndio asidi yako. Robo kijiko cha chai inatosha kwa vipimo vyake, na beking pauda aipunguze.

#14 Eldoret_Juu
Sasa nimekuja kubisha #1. Eti sisi wa juu tunapewa hewa ya bure! Niko Eldoret, mita 2,100 hivi. Hewa huku ni nyepesi, gesi inatanuka haraka, skonzi inapanda mbio halafu inajikunja katikati kabla haijashika. Maji yanachemka kama nyuzi 93 tu, kwa hivyo unyevu unatoroka mapema, ndani inakauka. Mimi beking pauda ni vijiko viwili kwa unga kama wako, na maziwa ya mala naongeza kidogo. Nikifuata vipimo vya pwani nazama. Kila mahali pana mateso yake, dada yangu.

#15 Kijana_Hamira
Kumbe hata oveni huko juu inakuwa na baridi zaidi?

#16 FundiOveni
Hapana. Nyuzi 220 ni 220 popote. Anachosema Eldoret_Juu ni kwamba kitovu cha skonzi hakipiti joto la kuchemka kwa maji mpaka maji yatoke, na kwake joto hilo liko chini.

#17 Mswahili_Leeds
Salaam kutoka Uingereza, ambako skonzi ya chizi ni kitu cha kawaida kwenye kila mkahawa wa chai. Nimefanya kazi jikoni kwenye mmoja wao. Naona mnazunguka unga wakati aliyetoroka ni chizi.

Chizi changa ina maji mengi na ladha ndogo. Unaweka gramu 120 ili uisikie, nayo inakulipa kwa kutiririka. Chukua cheddar iliyokomaa, ile kali inayowasha kidogo pembeni mwa ulimi, weka gramu 80 au 90, na nusu kijiko cha haradali ya unga na pilipili ya unga kidogo. Haradali haisikiki kama haradali, inaifanya chizi isikike zaidi. Hapo umepunguza mafuta na ladha imepanda. Mozzarella ya pizza msiiguse, inavutika tu, haina la kusema.

Ya paketi iliyokwishakwaruzwa ina wanga wa kuzuia isigandane, inavuta unyevu. Kwaruza mwenyewe. Kubwa kidogo ndani, laini kidogo juu. Na chumvi punguza, chizi yenyewe ina chumvi ya kutosha.

#18 Mla_Bila_Kuuliza
Leeds, huko si wanapaka jemu na krimu?

#19 Mswahili_Leeds
Kwenye zile tamu. Na hapo pia wanagombana: Devon krimu inatangulia, Cornwall jemu inatangulia, na hakuna anayemsamehe mwenzake. Ya chizi inapakwa siagi ikiwa bado ya moto, na supu pembeni.

#20 Mkulima_Njombe
Cheddar iliyokomaa ya Leeds huku tutaipata kwa bei ya mbuzi. Njombe tuna kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini za mtindo wa Kiitaliano, na zinafika mpaka Dar. Chukua ile ngumu iliyokaa, si ile nyeupe ya majimaji. Iache wazi kwenye friji usiku mmoja ikauke ngozi, kisha kwaruza. Inatiririka kidogo mno.

#21 Bukavu_Nyumbani
Jambo wote. Sisi huku Kivu tuko na jibini ya Masisi, ile watu wanaita ya Goma, inatoka kwa wafugaji wa milimani na inasafiri mpaka Kinshasa. Iko laini kama gouda, inayeyuka sana. Miye nakata vipande vidogo vya mraba, sikwaruzi. Kipande kinabaki na shimo lake mule ndani, hakikimbii. Nafikiri kukwaruza ndiyo kosa.

#22 Mswahili_Leeds
Bukavu, vipande ni sawa kwa ndani, ila juu utapata madoa ya kuungua. Bado nasimama na kukomaa.

#23 Muscat_Salama
Assalaam aleikum. Sisi Muscat tumekua na cheddar ya Kraft ya kopo la bluu, ile haitaki hata friji mpaka uifungue. Ile imesindikwa, ina chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na protini, kwa hiyo ikipata moto inalainika lakini mafuta hayajitengi. Mnacheka, lakini skonzi zangu hazimwagi kitu. Mama mkwe, mzaliwa wa Unguja, haokei nyingine.

#24 Mswahili_Leeds
Chizi ya kopo kwenye skonzi. Nimekaa chini.

#25 Muscat_Salama
Kaa, tena uegemee. Trei yangu safi.

#26 Dada_Tabora
Na sisi tusio na oveni? Mnaongea nyuzi 220 kama kila mtu ana kitufe. Mimi naoka kwa sufuria: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, kigae au sahani ya bati juu ya mchanga, skonzi juu yake, mfuniko, halafu napalia makaa juu kama wali. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Zinapanda na rangi zinapata. Mama_Trei, oveni yako ya moto wa chini imeshindwa na sufuria yangu.

#27 FundiOveni
Dada_Tabora umenipiga kihalali. Moto wa juu ndio unaokosekana kwake. Kama oveni yake ina grili ya juu, awashe dakika mbili za mwisho.

#28 Mswahili_Leeds
Tena Dada_Tabora hayuko mbali na asili. Waskoti zamani walipika skonzi juu ya bamba la chuma motoni, kabla oveni hazijaingia nyumba za kawaida, na hata beking pauda ilikuwa bado. Nyingi zilikuwa za shayiri. Mpaka leo kuna zinazopikwa hivyo. Tawa la chapati linafaa kabisa: donge la duara, unene sentimita moja na nusu, kata robo nne, moto mdogo, geuza mara moja. Chizi ichanganye ndani tu, juu usiweke.

#29 Kijana_Hamira
Sasa hapo si chapati ya chizi?

#30 Ticha_Kemia
Narudi kwa Mama_Trei. Umeandika siagi gramu 50. Ni siagi ya maziwa, ya kufungwa kwenye karatasi, au ile ya kopo ya kupaka mkate?

#31 Mama_Trei
Ya kopo, ya njano. Si ndiyo siagi?

#32 BintiNgamiani
Yesu na Maria. Nimekufundisha kugandisha majarini!

#33 Mla_Bila_Kuuliza
Uzi umepata moto. Naleta kiti.

#34 FundiOveni
Basi kesi imeisha. Majarini ni laini, hata kwenye friji inabaki ya kupakika. Vipande havibaki, vinaingia unga mzima. Huwezi kupata tabaka.

#35 Ticha_Kemia
Kesi haijaisha, imegeuka. Majarini zinazouzwa kwetu zimetengenezwa zikae dukani bila friji, kwa hiyo mafuta yake yamepangwa yasiyeyuke kwa joto la chumba cha Dar. Siagi ya maziwa ndiyo inayoyeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35. Kwa hiyo dai la #1 kwamba mafuta yanamyeyukia mkononi lingekuwa na nguvu kama angetumia siagi, na hatumii. Anachokosa pengine ni mafuta yenyewe: nyingi za kupaka zina maji mengi kuliko siagi. Soma kopo, asilimia ya mafuta imeandikwa. Ikiwa 60 na kitu, donge lake lina maji ya ziada asiyoyahesabu, juu ya maziwa mililita 150. Donge la majimaji linatanuka.

#36 Babu_Likoni
Hotelini tulitumia majarini ya kuokea, ile ngumu ya vipande, miaka mingi, na wageni walirudia. Mnamtisha mtoto. Unene, narudia, unene.

#37 Eldoret_Juu
Ticha, hapo kwa maziwa nakuunga mkono. Mililita 150 kwa gramu 225 za unga ni nyingi kwa unga wake. Aanze na 110, aongeze kijiko kijiko. Unga wa huku unakunywa zaidi kwa sababu ni mkavu, wa Dar umeshakunywa hewa.

#38 Mama_Trei
Wakuu, ahsanteni. Jana nimeoka tena. Siagi ya karatasi iliyogandishwa, maziwa 120, kikatio cha bati chenye makali, unene sentimita mbili na ushee, oveni 220, trei ngazi ya juu. Zimepanda! Si za kupasuka ubavuni, lakini zimesimama. Juu kahawia. Chizi bado imetoka kidogo pembeni, ile ileile gramu 120 maana nilikuwa nimeshaikwaruza.

#39 BintiNgamiani
Siagi iliyogandishwa. Ahsante, naomba niitwe mshindi.

#40 FundiOveni
Nyuzi 220. Naona mnanisahau.

#41 Babu_Likoni
Unene. Hata yeye kauandika.

#42 Ticha_Kemia
Umebadilisha vitu sita kwa mpigo, kila mtu anachukua wake. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangepata sifuri kwa hilo. Oka nusu kwa majarini na nusu kwa siagi, vingine vyote visiguswe, ndipo tuongee.

#43 Mama_Trei
Ticha, siagi ile bei yake ungejua usingeniambia nioke nusu ya majaribio. Watoto wamezila zote saa kumi, hata picha sikupiga.

#44 Bukavu_Nyumbani
Na jibini ilitoka kwa sababu ulikwaruza. Kata vipande.

#45 Muscat_Salama
Au kopo la bluu.

#46 Mswahili_Leeds
Gramu 85, iliyokomaa, haradali. Nimemaliza.

#47 Dada_Tabora
Jamani kuna mtu ameoka kwenye eya fraya? Dada yangu Mwanza ameletewa, juu zinakuwa nyeusi na ndani unga mbichi.

#48 FundiOveni
Feni yake iko juu karibu na chakula. Shusha mpaka 180, skonzi ziwe ndogo, dakika kama kumi, na chizi ya juu aiweke dakika tatu za mwisho. Asijaze kikapu.

#49 Kijana_Hamira
FundiOveni, 180 tena? Si ulisema moto mkali ndio unaoinua?

#50 FundiOveni
Kwenye oveni ya gesi isiyo na feni, kijana. Upepo wa moto unapiga zaidi ya hewa iliyotulia, ndiyo maana hata oveni za feni watu wanapunguza nyuzi 20. Soma kuanzia juu.

#51 Kijana_Hamira
Nimesoma. Ninaona Babu peke yake hajabadilisha maneno. Kesho naweka za kwangu za hamira hapa, zenye picha.

#52 BintiNgamiani
Fungua uzi wako.